Kila Kitu Kiko Fasi ya Muzuri

Mama yangu haweki vitu, anavificha. Nimelijua hilo tangu utotoni, na hadi leo, nikiwa na miaka arobaini na sita na mvi zangu mwenyewe kichwani, bado linanitia wazimu. Watu wengine wakinunua sabuni wanaiweka bafuni. Mama anaifunga katika kitambaa, kitambaa anakitia katika mfuko wa plastiki, mfuko anausukuma nyuma ya kabati, halafu anaendelea kuoga na kile kipande cha zamani kilichobaki chembamba kama ukucha. Ukimwuliza sabuni mpya iko wapi, anakujibu bila hata kugeuza kichwa: "Iko fasi ya muzuri."

Fasi ya muzuri, mahali pazuri. Maneno hayo nimejibiwa nikitafuta soksi za shule, kadi ya ubatizo, mkasi, kijiko. Nyumba yetu ya mtaa wa Makomeno, Lubumbashi, ni ndogo, vyumba viwili, sebule na baraza, nyumba ya matofali ambayo Baba aliipata akifanya kazi ya reli. Lakini mahali pazuri pa Mama ndani ya nyumba hiyo hapana mwisho.

Sitaki kumwonea. Hofu yake ina sababu. Wazazi wake waliteremka kutoka kaskazini ya Katanga wakiifuata reli, na kila walipohamishwa waliacha kitu nyuma ambacho hawakukiona tena. Yeye mwenyewe aliuona mji huu ukiporwa. Aliona majambazi wakibeba redio ya jirani mchana kweupe. Aliona mchwa wakila sanduku zima la karatasi za Baba katika msimu mmoja wa mvua, wakaacha bawaba tu. Haya, sawa. Lakini watu wengi wa Lubumbashi waliyaona hayo hayo, na bado wanajua vijiko vyao viko wapi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba tabia hiyo aliigeuza kuwa mafundisho ya dini. Kwa miaka mingi Mama alikuwa katekista, akiwafundisha watu wazima waliojiandaa kubatizwa, na kila kundi lilipata somo lile lile, chini ya paa la mabati nyuma ya kanisa, nami nikiwa nimekaa pembeni kwa sababu hakutaka niachwe nyumbani peke yangu. Alikuwa akiinua kidole na kusema: "Kintu unapenda, unaiweka fasi mwizi hafike. Mungu njo vile. Weye uko kintu yake ya bei. Anakufunga muzuri, anakuficha, anakulalia juu. Muntu hakugusi."

Watu walitikisa vichwa kwa furaha. Mimi niliziwaza sahani.

Maana katika kabati la vioo sebuleni kulikuwa, na bado kuna, sahani kumi na mbili nyeupe zenye maua ya buluu pembezoni, zawadi ya harusi yake. Hatujawahi kulia chakula ndani yake. Siku ya komunyo yangu ya kwanza tulikula katika sahani za bati zilizobanduka rangi. Baba alipostaafu tulikula katika sahani za bati. Kila Jumamosi Mama alizitoa zile nyeupe, akazifuta moja moja kwa kitambaa laini, akazirudisha, akafunga kwa ufunguo, na ufunguo akauweka mnajua wapi. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba Mungu ananipenda kama kitu chake cha thamani, mtoto mimi nilitazama kabatini nikajionea huruma. Kama kupendwa ndiko huko, basi ni kukaa nyuma ya kioo maisha yako yote, ukifutwa vumbi Jumamosi na usitiwe hata mchuzi.

Nilikua hivyo. Getini aliuliza ninaenda wapi, na nikirudi aliuliza nilipita njia gani. Nikikohoa mara mbili alinifunga kifua kwa kitambaa. Nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimeshapata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, na hasira tele kifuani, niliondoka bila kuaga na kumfuata mwanaume mmoja Kasenga, mfanyabiashara wa samaki aliyekuwa na sauti nzuri na mtumbwi wenye injini. Diploma niliiacha nyumbani kwa haraka, nikachukua fotokopi tu zilizopigwa muhuri. Baada ya miezi sita hivi nikamwandikia Mama barua, nikampa dereva wa lori la samaki aipeleke. Barua ile sitaki kuikumbuka, lakini itabidi niiseme baadaye.

Kasenga nilikaa miaka minne. Yule bwana alikuwa na nyumba nyingine ng'ambo ya Luapula, upande wa Zambia, yenye mke na watoto, na kila mtu kando ya mto alijua isipokuwa mimi. Nilirudi Makomeno na mfuko wa samaki wakavu, malaria na kichwa kilichoinama. Mama alifungua geti, akanitazama kuanzia miguuni, akasema: "Kula kwanza." Akanipikia bukari, ugali wetu. Nilipomaliza nikajikaza, nikamwuliza kama alipata barua yangu.

"Barua gani?"

"Ile nilipatiaka dereva."

"Hakuna dereva alifika hapa," akasema, akaondoa sahani.

Sitasahau nilivyopumua siku ile. Kwa miaka ishirini baadaye, kila nilipoyakumbuka niliyoyaandika, nilimshukuru Mungu kwa ajili ya yule dereva mzembe aliyepoteza barua yangu njiani. Nilisema moyoni kwamba kama kuna mara moja Mungu alinilinda kweli, ni pale.

Sasa niseme yaliyotokea mwaka jana.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimefundisha miaka tisa bila jina langu kuingia katika orodha ya Serikali. Wazazi wa watoto ndio wanaotuchangia kidogo, na sisi tunangoja. Jumatatu moja mkuu wetu, direkta, akanisimamisha mlangoni mwa darasa.

"Madame, vendredi bakontroleri banakuya. Banaingiza majina. Mais banataka diplome orijinali, fotokopi hapana. Mwenye hana nayo, banaruka jina yake."

"Na kisha, Direkta?"

"Kisha nini? Unangoja tena. Weye na miye tunajua namna ya kungoja."

Wakaguzi wanakuja Ijumaa, lakini wanataka diploma halisi: nilifika nyumbani saa saba mchana nikitembea kama mtu anayekimbia. Mama alikuwa barazani anachambua maharage. Siku hizi macho yake yana ukungu, maharage anayatambua kwa vidole. Nikamwambia habari yote kwa pumzi moja. Akatupa jiwe dogo pembeni.

"Diplome? Iko fasi ya muzuri."

"Fasi gani, Mama?"

"Fasi ya muzuri, nakuambia. Unasumbuka juu ya nini? Mungu anaichunga."

"Mungu hatakuya ku masomo vendredi. Miye njo nitaenda. Iko wapi?"

Vidole vyake vilisimama juu ya maharage. Kidogo tu, halafu vikaendelea. "Nitakumbuka," akasema.

Nitakumbuka! Mwanamke huyu anakumbuka rangi ya kikwembe, yaani kitenge, alichovaa mama mkwe wake siku ya harusi. Anakumbuka ni nani hakuja kwenye matanga ya Baba. Anajua kwa kichwa majina ya watakatifu wote wa mwaka. Na sasa diploma yangu, karatasi moja iliyobeba miaka yangu tisa, eti atakumbuka.

Jumanne nikafungua sanduku lake kubwa la chuma, lile la vikwembe. Harufu ya naftalini ilinipiga puani mpaka nikatoa machozi. Nilitoa kitambaa kimoja kimoja, vikwembe vya nta vilivyokunjwa na ambavyo havijawahi kugusa mwili wa mtu, na katikati ya mikunjo nikakuta filimbi ya Baba ya kazini, kopo la samaki ambalo lilipitwa na muda wakati nikiwa bado msichana, vipande sita vya sabuni, kitambaa changu cha kichwani cha komunyo, na kiatu kimoja cha mtoto mchanga. Nikamwuliza kiatu ni cha nani. "Cha kwako." Na kingine? "Iko fasi ya muzuri." Nilitamani kuketi sakafuni na kulia kwa hasira.

Diploma haikuwemo. Haikuwa nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu, ambako msumari ulitoka na plasta yake. Haikuwa chini ya godoro, wala darini, wala katika gunia la makaa ambalo nililimwaga lote uani na kulirudisha kipande kwa kipande. Mikono ilibaki myeusi hadi viwikoni. Muda wote huo Mama alikuwa ameketi katika kiti chake, rozari mkononi, mto wake mdogo mapajani, akimwomba mtakatifu wa vitu vilivyopotea. Alimwomba kwa utulivu mno. Mtu aliyepoteza kitu haombi hivyo. Niliona, lakini sikuelewa.

Mto wenyewe niueleze, maana umekuwa mzigo wangu. Ni mto wa kupigia magoti kanisani, mgumu, mnene, wenye ukubwa wa mkate mkubwa. Kanisa letu lina mabenchi lakini chini ni saruji tupu, na Mama hawezi kupiga magoti kwenye saruji. Kila Jumapili mimi ndiye ninayeubeba kwapani kwenda na kurudi, mwalimu mzima na nguo yangu ya misa. Nimewahi kumwambia anunue mwingine mwepesi. Alinitazama kana kwamba nimemwambia abadilishe dini.

Jioni ya Jumanne nikakuta kisu cha jikoni chumbani kwake, kitandani. Nikamkaripia. Jumatano niliomba ruhusa nisifundishe kwa siku tatu, maana nilishaona kwamba nisipokaa naye nyumbani sitapata kitu. Asubuhi hiyo alinituma sokoni, samaki wa Kasenga, akasema, na si wa karibu, wale wa soko lile kubwa. Nikamwambia sina hamu ya samaki. Akanituma parokiani kuuliza saa ya misa ambayo saa yake haijabadilika tangu nizaliwe. Nikakataa. Nikatoka uani tu kuanua nguo, na niliporudi nikamkuta na wembe mkononi.

Wembe! Bibi wa miaka sabini na tisa mwenye ukungu machoni! Ameushika karibu kabisa na uso, mto ukiwa mapajani.

"Mama! Unataka kujikata?"

"Nakata makucha."

"Na wembe? Umetoa wapi?"

Alikuwa ameuazima kwa jirani yetu, mama mmoja wa Kivu ya Kaskazini ambaye mume wake ni mfanyabiashara wa jumla na malori yake yanakaa kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa zaidi kuliko yanavyokaa barabarani. Nikaenda moja kwa moja kwake na ule wembe mkononi.

"Mama, tafadhali, usimupatie tena kintu ya kukata. Macho haione."

"Aliniambia ni ya kushonua kintu," akasema yule mama, akishangaa; kwake Mama yangu ni Nkambo, bibi. "Pole, dada. Mais usiogope, Nkambo ni muntu wa Mungu. Mungu anachunga bake."

Nilimshukuru kwa heshima, lakini moyoni nilichoka. Nilichoka na watu wote wanaosema Mungu anachunga walio wake, huku mimi ndiye ninayechunga visu, nyembe, geti, makaa na dawa za macho. Na neno lile "kushonua", kufumua mshono, likanipita sikioni bila kuacha alama. Nilifunga visu vyote kabatini, pamoja na mkasi na ule wembe, nikatia ufunguo mfukoni. Niliona nimefanya la maana.

Alhamisi mchana nikalipuka. Nilikuwa nimepekua nyumba mara tatu. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mama akaniita nikae, nile, akasema nisiwe na wasiwasi kwa sababu sisi tuko mkononi mwa Mungu na yeye hapotezi kitu chake. Basi, yakatoka yote.

"Hapotezi? Huyo Mungu yako ni sawa weye! Anaficha bantu mpaka anasahau fasi alibaweka! Kasenga alinificha wapi? Alikuwa wapi na mukono yake? Miaka tisa kwenye liste, amenificha wapi? Kama njo kupenda, bora asinipende. Bora anitumie tu, sawa sahani ya bati!"

Nilijua nimevuka mpaka na sikujali. Nilikuwa nahema. Nje mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bati, pa, pa, pa, na sisi wawili tulisikiliza nyundo ile kwa muda mrefu.

Halafu akasema, kwa sauti ya chini: "Lete ile wembe."

"Ya nini?"

"Lete, mama. Miye mikono haina nguvu tena. Nilijaribu, ile uzi ni ngumu, na macho haione. Nilitaka nitoe miye peke yangu, weye usione. Mais unanichunga sana." Akaniwekea mto mapajani mwangu. "Kata hapa pembeni."

Nilikata. Uzi ulikuwa wa nailoni, ule wa kushonea nyavu, na ulipigana na wembe. Juu kulikuwa na kikwembe cha jubilei ya parokia. Chini yake, kikwembe cha siku ya wanawake, cha miaka mingi iliyopita. Chini yake tena, kitambaa cheusi cha matanga ya Baba. Kila foronya ilipochakaa hakuitoa, alishonea nyingine juu. Chini ya vyote kulikuwa na kitambaa cha kijani nilichokitambua mara moja, sketi yangu ya shule. Ndani ya sketi, pamba, na ndani ya pamba, mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo matatu.

Diploma yangu. Imekunjwa mara nne, imebonyea kwa kupigiwa magoti, muhuri wa Serikali umepasuka katikati. Nilikuwa nimeibeba mwenyewe kwapani kila Jumapili kwa miaka ishirini.

Nilifungua mdomo nianze upya kupiga kelele, na ndipo nilipoifungua diploma, na ndani yake nikaona karatasi ya daftari yenye mistari. Mwandiko wangu. Sikuhitaji kusoma. Nilisoma. *Mama. Usinitafute. Mimi si mtoto wako tena. Kaa na Mungu wako na sahani zako.* Palikuwa na maneno mengine pale chini, juu ya Baba aliyekuwa bado hai, ambayo siwezi kuyaandika hapa.

"Ulisema haikufika," nikasema.

"Nilidanganya."

"Weye? Katekista?"

"Nilienda kuungama. Kila Pasaka naungama. Padri ananiambia, mama, umwambie mutoto ukweli. Namwambia, padri, bado kwanza." Alinyoosha mkono hewani akitafuta wangu, nami sikumpa. "Ulifika hapa umekonda, unatetemeka. Kichwa chini. Nikasema, kama anajua nilisoma, hatainua tena ile kichwa."

Niliitazama ile diploma mikononi mwangu, na sijui kwa nini, badala ya kulia nikakasirika zaidi. "Ndiyo ukafungia hii takataka ndani ya diplome? Diplome ya Leta, ya Serikali, Mama! Ukaikunja sawa karatasi ya karanga!"

"Ni karatasi ya nguvu," akasema, naye sasa ameudhika. "Mchwa haipite mbio. Barua ilikuwa ya karatasi mwepesi, ingeharibika."

"Iharibike! Ni matusi!"

"Diplome, Leta inaweza kukupatia ingine. Utalia, utapanga mustari, mais itakupatia. Ile barua, ulienda miaka ine na sikupata ingine. Nani angenipatia ingine?"

"Mama, nilikutukana mule ndani."

"Niliona. Macho ilikuwa mazima ile wakati." Akavuta ukingo wa kikwembe chake. "Mais hapo juu uliandika nini? Kwa kuanza?"

Nilitazama hapo juu.

"Uliandika Mama," akasema. "Unasema hauko mutoto yangu, na unaniita Mama. Bon. Nikapeleka kwa Mungu. Nikamwambia, ona, hajue chenye anasema. Chunga huyu. Kila nilipiga magoti nilipiga hapo juu yako."

Nilitoka nje nikasimama uani karibu na gunia la makaa. Nilikaa pale mpaka mtu wa nyundo alipomaliza kazi yake. Nilikuwa na aibu, na ndani ya aibu bado nilikuwa na hasira, kwamba mtu anaweza kukupenda hivyo kwa miaka ishirini bila kukupa nafasi ya kuomba msamaha. Nilipoingia nikapiga magoti mbele ya kiti chake, kwenye saruji, nikaomba. Akanigonga kichwani na rozari, si kwa nguvu, akasema nimechelewesha chakula.

Ijumaa tulipanga mstari tangu asubuhi. Mkaguzi, kijana mwenye miwani, alipofungua diploma yangu aliinyanyua kwenye mwanga, akanusa.

"Madame, hii diplome ilikuwa wapi?"

Walimu wenzangu wote walinigeukia. Nilitafuta uongo wa maana na sikuupata. "Ilikuwa fasi ya muzuri," nikasema.

Akanitazama, akacheka peke yake, nafikiri naye ana mama. Akalinganisha namba, akaandika jina langu, akanionyesha pa kutia sahihi. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama kwamba jina limeingia, na leo, kwa mara moja tu katika maisha yetu, tulie katika zile sahani nyeupe.

"Zile ni za bageni," akasema.

Sikubishana. Nilipakua katika sahani za bati.

Baada ya kula akatoa barua kifuani mwake, ambako alilala nayo. Nilikuwa nimepanga kuichoma. Akasema nani ataichoma, barua ni yake, iliandikwa kwake. Akataka nimtungie uzi kwenye sindano. Nikatunga. Akajaribu kushona, akajichoma kidole mara mbili, nami nikamnyang'anya ule mto, nikashona mwenyewe. Pamba, sketi ya kijani, kitambaa cha Baba, vyote kwa mpangilio wake, na katikati matusi yangu, safari hii yamefungwa katika fotokopi ya diploma kwa sababu alidai karatasi ya pili. Nilishona nikinung'unika. Aliketi akinielekeza kila pa kuchoma sindano, na macho yake hayaoni.

Jumapili nikaubeba kwapani kama kawaida. Ulipofika wakati wa kupiga magoti, nikamwekea mto chini, nikamshika mkono akashuka taratibu. Mama amekuwa kiziwi kidogo, kwa hiyo sala yake ya siri inasikika hadi mabenchi mawili nyuma. Miaka yote nimeona aibu juu ya mnong'ono ule, nikijitahidi nisiusikilize. Nilidhani anataja marehemu wake.

Kwanza alisogea. Alijisukuma pembeni kwa shida, akapapasa, akavuta nguo yangu. "Kuya," akasema. "Inatosha bawili."

Haikutosha. Mto ni mdogo, nimeshasema. Goti langu moja lilipata nafasi, la pili likabaki kwenye saruji, na niliisikia karatasi ikikwaruza ndani. Nilitaka kumwambia kwamba sote wawili tutaanguka. Lakini alikuwa ameshafumba macho, na mnong'ono wake mkubwa ulikuwa umeshaanza, ule ule wa siku zote, nami safari hii niliusikiliza hadi mwisho.

"Huyu tena," alikuwa akimwambia Mungu. "Chunga huyu."